Tupo tisa na hatulingani: twende wapi kwenye theluji?

Swali: Naishi Munich na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 5 na 9. Februari tunataka kwenda milimani wiki nzima. Shemeji yangu na mkewe watatoka Stockholm. Wao wanateleza kwa skii tangu utotoni. Mtoto wao wa miaka 16 anatumia snoubodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili. Binamu yangu anakuja kutoka Muscat, anasema skii alijifunza Dubai. Na mama yangu atakuwa amefika kutoka Tanga: ana miaka 67, goti moja linamsumbua, hatateleza, ila theluji anaitaka kwa macho yake. Mimi na mume wangu hatujawahi kuvaa skii. Shemeji anashikilia St. Anton, Austria, kwa sababu ina kilomita 300 za njia za kuteleza. Rafiki yangu anasema Val Thorens, Ufaransa, theluji ya huko ni ya uhakika. Mimi naogopa tu kwamba kila mtu atakuwa kivyake. Tuchague wapi?

Jibu:

Dada yangu, hiyo hofu umeiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Mimi ningeanza nayo. Nimekaa Tirol, jimbo la milima huku Austria, miaka kumi na mitatu sasa, na kila majira ya baridi nafundisha watoto na watu wazima wanaoanza. Vikundi nilivyoviona vikirudi makwao vimenuniana havikukosa theluji wala kilomita. Vilikosa mahali pa kukutana. Asubuhi wanne wanapanda huku, watatu kule, bibi anabaki hotelini na televisheni ya Kijerumani, na saa kumi jioni kila mmoja anarudi na visa ambavyo wenzake hawakuviona.

Kwa hiyo mkifungua ramani ya kituo chochote cha skii, acheni kwanza kuhesabu njia. Tafuteni meza ya chakula cha mchana. Nasema meza hasa: mkahawa mmoja juu mlimani ambao mtoto wa darasa la skii, shemeji anayetoka kwenye njia nyeusi, zile ngumu kuliko zote, na mama mwenye goti bovu wanaweza wote kuufikia saa sita na nusu mchana, bila mtu kulazimika kushuka hadi bondeni na kupanda upya. Mama afike kwa gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, akiwa na viatu vyake vya kawaida. Watoto wawe wanajifunza hapo hapo nje ya dirisha. Wanaojua waje kwa kuteleza. Kituo chenye meza hiyo kitawatosha hata kama kina nusu ya kilomita anazozitaka shemeji.

Na hizo kilomita zenyewe msiziamini sana. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, Christoph Schrahe, alichapisha vipimo alivyochukua kwenye ramani za vituo vikubwa vya Alps, njia moja moja. Les 4 Vallées kule Uswisi walikuwa wakijitangazia kilomita 412. Yeye alipata 164. Wapo waliokuwa wakihesabu kona zote anazopiga mtelezaji badala ya urefu wa mteremko wenyewe, sawa na mwenye daladala kukutoza nauli kwa kila shimo alilolikwepa. Baada ya kelele hizo vituo kadhaa vilirekebisha takwimu zao. Lakini hata kilomita 300 za kweli, mwanafunzi wa wiki ya kwanza atatumia mbili, labda tatu.

Angalieni rangi. Austria njia ni za buluu, nyekundu na nyeusi, kutoka rahisi hadi ngumu. Ile ya kijani aliyoizoea shemeji Sweden, ambayo Ufaransa pia ipo, hapa kwa kawaida hamtaikuta. Buluu ya Austria inatakiwa isizidi mwinamo wa asilimia 25, yaani mita 25 za kushuka kwa kila mita 100 za kwenda mbele, isipokuwa vipande vifupi. Nyekundu mwisho wake ni asilimia 40. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Uwanjani, buluu pana yenye jua saa tano asubuhi na buluu nyembamba saa kumi kasorobo jioni, barafu imeshachubuka na watu mia mbili wanashuka kwa pamoja kwenda kwenye magari yao, ni vitu viwili tofauti. Rangi haijabadilika, ila mguu wa mwanafunzi unajua.

Hapo ndipo shida ya St. Anton ilipo, na naisema kwa heshima, kwa sababu mji huo ni kama chuo kikuu cha mchezo wenyewe. Klabu ya skii ya Arlberg ilianzishwa mwaka 1901, na Hannes Schneider, aliyefundisha hapo, ndiye aliyeeneza ufundishaji ambao sisi walimu wa leo bado tunaula. Shemeji hakosei kuupenda. Wala si kweli kwamba hakuna pa kuanzia: Nasserein kuna uwanja mzuri wa wanaoanza. Kasoro iko kwenye hatua ya pili. Siku ya tatu wewe na mumeo mtauhitimu uwanja ule, mtatazama juu mkitafuta buluu ya kulala, na buluu nyingi za pale zina mwinamo wa kukutoa jasho na msongamano wa kukutoa machozi. Mtu mzima akitishika siku ya tatu, siku ya nne anasema ana kazi za ofisini za kumalizia kwenye kompyuta. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Kuna mtego mwingine, wa milima miwili. Mayrhofen, hapa hapa Tirol, ni mfano unaoeleweka haraka. Wanaoanza wanapelekwa Ahorn, mlima wa upole. Wanaojua wanapanda Penken, ambako kuna ile njia inayoitwa Harakiri yenye mwinamo wa asilimia 78. Kila mlima una gari lake la waya kutoka mjini, na huku juu haujaungana na mwenzake. Kwa watu wa kiwango kimoja si neno. Kwenu ninyi tisa, chakula cha mchana kingekuwa kwenye simu.

Kuna pia hili la kurudi bondeni mwisho wa siku, nalisemea kwa uchungu wangu mwenyewe. Msimu wangu wa pili huku, kabla sijawa mwalimu, niliwachukua marafiki watano kutoka Dar es Salaam na Mombasa tukaenda kituo fulani nilichokichagua kwa bei. Siku nzima tulicheza juu, tumefurahi. Saa kumi kamili lifti zikaanza kufungwa, nikagundua kuwa kile kiti cha kupandia hakichukui watu wa kushuka. Njia pekee ya kurudi ilikuwa nyekundu, kivulini, imegeuka kioo. Mmoja alianguka mara ya tatu, akakaa, akavua skii, akazitia begani kama mtu aliyebeba makasia, akaanza kushuka kwa miguu ukingoni mwa njia. Wengine wakamfuata. Viatu vya skii havikunji kifundo. Unatembea kama umefungwa plasta miguu yote miwili. Tulifika chini saa kumi na mbili kasoro, giza limeingia, na hakuna aliyenisemesha hadi chai. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kituo chochote ni hili: asiyeweza kuteleza hadi chini, anashuka na nini, na mwisho saa ngapi?

Basi ninyi ningewapeleka Serfaus.

Iko Tirol, juu ya bonde la mto Inn, na imeungana na vijiji vya Fiss na Ladis. Kwa pamoja wana zaidi ya kilomita 200 za njia. Kijiji kiko mita 1,427, magari yanabanwa, na badala yake kuna treni ya chini ya ardhi, ndogo ya kuchekesha, inayoelea juu ya hewa inayosukumwa chini yake tangu mwaka 1985. Inatoka maegesho ya mwanzo wa kijiji hadi kituo cha gondola, bure. Wanao watataka kuipanda hata siku wasiyoteleza. Kwa mama mwenye goti, maana yake ni kwamba hatapanda kilima chenye barafu akitokea nyumbani hadi kwenye lifti, na huko ndiko wazee wengi wanakovunjikia, si mlimani.

Ile meza ya chakula ipo Komperdell, kituo cha katikati, karibu mita 2,000. Gondola kutoka kijijini inafika hapo. Uwanja mkubwa wa watoto upo hapo, una mikanda inayotembea ya kuwapandisha na vinyago vya kuzunguka. Mikahawa ipo hapo. Na njia za wakubwa zinarudi hapo. Mama anakata tiketi ya mtembea kwa miguu, anapanda saa nne, anakaa barazani kwenye jua na blanketi, na wajukuu wake wako mbele ya macho yake. Zipo pia njia za kutembea zilizoshindiliwa theluji kwa ajili ya wasioteleza. Atakayechoka anashuka kwa gondola ile ile bila kumpigia mtu simu.

Shemeji ataguna. Mwambieni lifti zinafika zaidi ya mita 2,800, na sehemu ya Masner, nyuma kabisa, ina nyekundu ndefu, nyeusi, na theluji isiyoshindiliwa ya kumtosha yeye, mkewe na kijana siku tatu bila kurudia rudia. Siku ya nne waachieni gari waende hiyo St. Anton yao, kwa barabara ni kama saa moja kupitia Landeck. Wanunue pasi ya siku tano Serfaus na ya siku moja kule. Hivyo nyote mtakuwa mmepata mlichokitaka, na jioni yeye ndiye atakayekuwa na la kusimulia. Kwa vikundi kama vyenu mimi napanga hivi hivi: mkuu wa kikundi ni mnyonge, halafu hodari anapewa likizo ya siku moja.

Ubaya wake nao niuseme. Serfaus si rahisi mfukoni, na mteremko wake unatazama jua, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi theluji ya chini inalainika mapema mchana. Mkiona bei ya kijijini inauma, mtashawishika kupanga bondeni, Prutz au Ried, ambako ni nafuu. Na watoto wa miaka 5 na 9, kila asubuhi kuwavalisha, kuwapakia, kupanda kona za barabara, kutafuta maegesho? Mtaokoa pesa na kupoteza asubuhi zote sita. Bora nyumba ndogo zaidi, lakini kijijini.

Val Thorens kwa ufupi: rafiki yako anasema kweli kuhusu theluji, maana mji wenyewe uko mita 2,300, wa juu kuliko miji yote ya skii ya Ulaya. Ila huko juu hakuna miti. Siku ya ukungu na theluji inayoanguka, mbingu na ardhi zinakuwa shuka moja jeupe, na anayeanza hajui kama anashuka au amesimama. Miti ndiyo inayompa macho pa kushika. Tena kutoka Munich ni safari ya siku nzima kwa gari. Kama Ufaransa ingekuwa lazima, ningetazama Alpe d'Huez kwanza, yenye uwanda mpana wa njia za kijani karibu kabisa na nyumba, na juu kabisa ile Sarenne ya kilomita 16, nyeusi, ya kumchokesha mtu wa Stockholm.

Mbadala ninaoupenda zaidi uko Italia, kwenye Dolomites. Seiser Alm ni uwanda wa malisho mpana ajabu ulioinuliwa hadi karibu mita 2,000, njia zake nyingi ni za upole, na wasioteleza wanatembea au wanapanda gari la farasi. Wenye nguvu wanashuka kwenda bonde la Val Gardena, wanaingia kwenye Sella Ronda, ule mzunguko wa siku nzima kuuzunguka mlima wa Sella, alama za rangi ya machungwa kwa wanaozunguka kama saa na za kijani kwa wanaozunguka kinyume. Chakula kinaishinda Austria, samahani kwa wenyeji wangu. Kumbukeni tu kwamba Italia tangu mwaka 2022 anayeteleza lazima awe na bima ya kumlipa atakayemgonga. Huuzwa pamoja na pasi.

Na kama safari hii kiini chake ni mama, yaani ninyi mtateleza siku mbili tatu tu, basi Grindelwald, Uswisi. Viza yake ya Schengen inaingia Uswisi vile vile. Kuna sleji, kile kibao cha kukalia na kuteleza, kuna njia za kutembea, na kuna treni ya Jungfraujoch iliyofunguliwa mwaka 1912, inayopita ndani ya tumbo la mlima Eiger hadi mita 3,454. Hapo nipunguze shauku kidogo: ni karibu kimo cha kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro, ila Horombo watu wanafika siku ya pili kwa miguu, pole pole, na huku treni inakupandisha kabla chai haijashuka tumboni. Mwenye presha au moyo amuulize daktari wake kabla. Komperdell ya mita 2,000 haina shida hiyo kwa mzee wa kawaida.

Sasa watu wenyewe, kwa sababu kituo kizuri huharibiwa na watu waliojidanganya kuhusu kiwango chao. Msimuulize mtu kama anajua. Kila mtu anajua. Muulizeni: mara ya mwisho ulishuka rangi gani, mwaka gani, na ulisimama mara ngapi kupumzika? Binamu wa Muscat simcheki hata kidogo. Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, na theluji yake ni ya kweli. Aliyejifunza pale amejifunza kusimama, kugeuka na kufunga breki. Lakini njia ndefu kuliko zote mle ina kama mita 400, paa juu, taa zile zile, theluji ile ile, upepo hakuna. Huku atakutana na mteremko unaomla mapaja dakika kumi mfululizo. Asubuhi ya kwanza shule za skii huwapitisha watu wa namna yake kwenye kipande kifupi na kuwagawa. Apite hapo, asiende moja kwa moja na shemeji. Jumatatu kwa shemeji ni Jumanne kwenye kliniki ya magoti.

Kijana wa snoubodi yeye shida yake ni sehemu tambarare. Mwenye skii anajisukuma kwa fimbo. Mwenye ubao anafungua mguu mmoja na kuchechemea. Akiangalia ramani aangalie vipande vinavyounganisha bonde na bonde, na lifti za kuburuta, zile za kukuvuta ukiwa umesimama ardhini. Zinawachosha watu wa ubao kuliko mteremko wenyewe.

Ninyi wawili na watoto: shule, siku zote tano kwa watoto, angalau tatu kwenu. Msikubali kabisa kufundishwa na shemeji bure. Anateleza vizuri kwa sababu hakumbuki alivyojifunza. Nikupe asubuhi ya kwanza ilivyo, usije ukashtuka. Saa nzima hamtashuka popote. Mtavaa skii moja tu, mguu wa pili unasukuma, mnazunguka uwanja kama watoto wenye kigari. Kisha mnapandishwa kwa mkanda, mita ishirini, na ndipo linakuja somo la breki. Waalimu wa huku huwaambia watoto "pitsa" na "chipsi": ncha za mbele za skii zikikaribiana na visigino vikatanuka, unapata kipande cha pitsa, unapunguza mwendo, skii zikilala sambamba kama chipsi, unakwenda. Nikipata watoto wa Kiswahili mimi nasema sambusa. Wanaelewa papo hapo, na mzazi aliye pembeni anaelewa haraka zaidi yao. Kosa la watu wazima ni moja: mwendo ukizidi wanaogopa, wanaegemea nyuma, makalio yanatafuta pa kukaa, na skii zikikosa uzito mbele zinakimbia zaidi. Dawa ni kuusukuma ulimi wa kiatu kwa miundi, kama unayechungulia kisimani. Mwili unakataa. Siku ya pili unakubali. Siku ya tatu mtu wa kawaida anashuka buluu tulivu bila kupiga kelele, na wa siku ya nne naye si mjinga.

Dukani mtakapokodi vifaa, semeni uzito wenu wa kweli. Fundi anarekebisha kufuli la kiatu kwa kuangalia uzito, urefu, umri na kiwango, ili ukianguka skii ichomoke kabla mfupa haujavunjika. Anayejipunguzia kilo kumi anachomokewa hovyo hovyo; anayejiita hodari anafungiwa kufuli gumu lisilomwachia. Kofia ngumu kodini kwa wote. Msinunue kitu mwaka huu, hata watoto. Mguu wa miaka mitano utakuwa wa miaka sita.

Pasi ya mtu mzima ya siku moja kwenye vituo vikubwa vya Austria imeshavuka euro 70. Msinunue za wiki kwa ninyi mnaoanza kabla hamjauliza shule: mara nyingi siku za kwanza zinahitaji lifti za mazoezi tu, na tiketi yake ni ndogo.

Tarehe ndiyo iliyonifanya nikune kichwa. Likizo ya Februari ya Bavaria inafuata Fasching, kanivali ya kabla ya Kwaresima, ambayo huhamahama kila mwaka pamoja na Pasaka. Likizo ya michezo ya Stockholm yenyewe imetia nanga wiki ya 9, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Miaka mingi hazikutani. Mtoto wa miaka 9 na kijana wa miaka 16 wote wako shule, kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu mlima, fungueni kalenda mbili mezani. Zisipolingana, likizo ya Pasaka ya Bavaria inaweza kuwaokoa, ila hapo Serfaus na jua lake ningeiacha, ningepanda Obergurgl, ambako kijiji chenyewe kiko mita 1,930. Mkikubaliana Februari, wekeni nafasi ya shule ya watoto kabla hata ya nyumba. Wiki ya Fasching nyumba hupatikana kwa bahati, mwalimu hapatikani.

Njiani kutoka Munich mtapita Garmisch na Fernpass. Jumamosi za msimu Fernpass ni foleni, na wikendi Tirol hufunga barabara za vijijini kwa wanaotafuta njia ya mkato, kwa hiyo simu ikikuambia "geuka kulia uokoe dakika 20" msiitii. Ondokeni alfajiri kabisa au Jumapili. Stika ya barabara kuu ya Austria kwenye kioo, na matairi ya baridi.

Chukueni nyumba yenye jiko. Si kwa ajili ya pesa tu: watu tisa waliochoka wakivua soksi zenye maji, chungu cha pilau ni kikao chenyewe. Kama mnakula halali, nyama nunueni Munich kabla ya kutoka. Mlimani vyakula vingi vina nyama ya nguruwe hata pale usipoitarajia, vipande vidogo ndani ya viazi vya kukaanga au madonge ya mkate. Kaiserschmarrn, chapati nene iliyochanwa chanwa na kunyunyiziwa sukari, watoto wataimaliza sufuria nzima, lakini ulizeni kwanza zabibu kavu zake; mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu. Semeni "ohne Rosinen", bila zabibu, na mambo yamekwisha.

Bima: ya viza ya mama kwa sheria inafikia angalau euro 30,000 za matibabu. Someni kama inakataa michezo ya baridi, kwa sababu akishawishiwa na wajukuu kupanda sleji, tayari ni mchezo. Ninyi mkiwa na kadi ya bima ya Ulaya, inahusu hospitali ya umma. Kuokotwa mlimani na helikopta ni bili nyingine kabisa, na bima yake ya wiki ni bei ya chakula cha mchana.

Mtoto wa miaka 9 akikuuliza kwenye darasa la skii mbona hakuna mwingine kama yeye, mwambie Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia hapa Austria, na mwaka 2018 akashuka milima ya PyeongChang kwenye Olimpiki akiwa na bendera ya Kenya. Kilifi na kwa bibi yake Tanga ni pwani moja.

Na mama asinunue koti wala buti huko Tanga, hata akiambiwa ni za Ulaya. Viatu mtampatia Munich, na mumnunulie zile kucha za mpira na chuma za kuvalisha chini ya soli. Euro chache, na hatateleza mlangoni. Miwani ya jua aje nayo, ile nyeusi kweli kweli. Theluji ya Februari saa saba mchana inachoma macho kuliko mchanga wa Raskazone pale Tanga, na hatakubali ukimwambia kabla hajaiona.